Kuziba Uvujaji wa Hewa Kifuani kwa Bronkoskopu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mgonjwa aliyewekewa mrija kifuani anapoendelea kutoa mapovu kwenye chupa ya maji siku baada ya siku, maana yake ni kwamba ipo njia iliyobaki wazi kati ya pafu na uwazi wa pleura, yaani ile nafasi nyembamba iliyo kati ya utando unaolifunika pafu na utando uliotanda ukuta wa kifua kwa ndani. Mara nyingi tundu la namna hiyo hujifunga lenyewe pafu likishatanuka na kugusa ukuta wa kifua. Lisipojifunga kwa zaidi ya siku 5, kwa desturi uvujaji huo huhesabiwa kuwa sugu, na hapo ndipo inapofaa kuuliza kama bronkoskopu, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaoingizwa kwenye njia za hewa, inaweza kusaidia.

Mwongozo huu unawalenga madaktari, matabibu na wauguzi wanaomhudumia mgonjwa wa aina hiyo kabla ya tiba, wakati wa tiba na baada yake. Kuifanya tiba yenyewe ni kazi ya bingwa aliyefunzwa, lakini matokeo yake hutegemea mno kazi ya wale wanaosimama pembeni ya kitanda. Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba ugumu hauko katika kuziba. Uko katika kujua pa kuziba, na hakuna kifaa cha gharama kinachoweza kufidia utafutaji uliofanywa harakaharaka.

Hatua ya kwanza: tambua ni uvujaji wa aina gani

Aina ni mbili, na tiba zake hazifanani. Aina ya kwanza ni fistula ya bronki, yaani tundu kwenye mirija ya hewa inayotawanyika ndani ya pafu, ambapo tundu liko kwenye bronki kuu, bronki ya lobu (sehemu kubwa ya pafu) au bronki ya segmenti (kipande cha lobu). Hii hutokea zaidi baada ya upasuaji wa kuondoa pafu au sehemu yake, pale kisiki cha bronki kilichoshonwa kinapoachia. Upande wa kulia huathirika zaidi kuliko wa kushoto, kwa sababu kisiki cha kushoto hujificha chini ya upinde wa aota na kufunikwa na tishu za katikati ya kifua, ilhali kile cha kulia hubaki wazi zaidi na mara nyingi hulishwa na ateri moja tu ya bronki. Hatari huongezeka kwa mgonjwa mwenye kisukari, mwenye utapiamlo, anayetumia dawa za steroidi, aliyepigwa mionzi kabla ya upasuaji, au aliyelazimika kubaki kwenye mashine ya kupumulia baada ya upasuaji.

Aina ya pili ni uvujaji wa pembezoni, ambapo hewa hutoka kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyo mbali na bronki za segmenti. Chanzo chake huwa emfisema (ugonjwa unaoharibu vifuko vya hewa) iliyopasua malengelenge ya pafu, nimonia inayooza tishu, kifua kikuu, jeraha la kifua, sindano iliyochukua sampuli ya pafu, au uso wa pafu uliokatwa wakati wa upasuaji. Tundu la aina ya kwanza linaweza kuonekana kwa macho kupitia bronkoskopu na kuzibwa lenyewe. La aina ya pili halionekani kamwe, hivyo kinachozibwa ni bronki inayolipelekea hewa.

Kuna hali moja isiyosubiri mpango wowote. Mgonjwa aliyeondolewa pafu zima, ambaye picha ya eksirei inaonyesha kiwango cha majimaji katika nafasi ya pafu lililoondolewa kimeshuka, au ambaye ameanza ghafla kukohoa majimaji mengi yenye rangi ya damu hafifu, achukuliwe kuwa kisiki chake kimeachia hadi ithibitike vinginevyo. Alazwe mara moja kwa kulalia upande uliofanyiwa upasuaji, ili majimaji yasimiminikie pafu pekee lililobaki, apewe oksijeni, na mrija wa kifua uwekwe bila kuchelewa. Kisiki kilichoachia katika siku za mwanzo baada ya upasuaji ni cha daktari mpasuaji kwanza. Bronkoskopu hapo hutumika kukagua tu, kwa kuwa tishu bado zina nafasi nzuri ya kushonwa upya.

Hatua ya pili: hakikisha mapovu yanatoka kwa mgonjwa

Hatua hii inaonekana ya kitoto, na ndiyo maana hurukwa. Bana mrija kwa koleo karibu kabisa na ngozi ya mgonjwa kwa sekunde chache. Mapovu yakiendelea, hewa inaingia kwenye mfumo wenyewe: katika kiungio kilicholegea, katika chupa yenye ufa, au katika mrija uliotoboka. Mapovu yakikoma, hewa inatoka upande wa mgonjwa, lakini bado fungua bandeji utazame kama mrija umechomoka kiasi kwamba moja ya matundu yake ya pembeni liko nje ya kifua, kwa sababu hapo hewa ya chumbani ndiyo inayovutwa. Mrija unaotoa mapovu usiachwe umebanwa hata kwa dakika chache, kwani hewa itakayojikusanya kifuani inaweza kulisukuma pafu na moyo na kumuua mgonjwa.

Kisha pima ukubwa wa uvujaji. Kwa chupa ya kawaida, andika kama mapovu yanatokea mgonjwa anapokohoa au kutoa pumzi kwa nguvu tu, anapotoa pumzi kwa kawaida, anapovuta pumzi, au wakati wote bila kukatika. Pampu za kidijitali hutoa kiasi cha hewa kwa mililita kwa dakika, na faida yake kubwa ni kukomesha ubishi kati ya zamu ya asubuhi na zamu ya usiku kuhusu mapovu yamepungua au la.

Wakati huohuo ondoa vitu vinavyoliweka tundu wazi. Mvuto wa pampu ukiwa mkubwa huendelea kupitisha hewa kwenye tundu, hivyo kama pafu halisinyai na mgonjwa anavumilia, mrija uunganishwe na chupa ya maji bila mvuto. Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, punguza kiasi cha pumzi moja, punguza shinikizo linalobaki mwishoni mwa pumzi, fupisha muda wa kuvuta hewa, na fanya kila jitihada ya kumtoa kwenye mashine. Lishe irekebishwe, sukari idhibitiwe, steroidi zipunguzwe inapowezekana. Kama kuna usaha kwenye pleura, utolewe wote na antibiotiki zianze. Kuziba bronki wakati usaha umejaa chini yake ni kumfungia mgonjwa maambukizi ndani.

Hatua ya tatu: maandalizi ya chumba na watu

Picha ya CT skani ya kifua ni ya lazima, na isomwe na mtu atakayeshika bronkoskopu, si ripoti yake tu. Picha hiyo huonyesha ni lobu gani imeharibika, kama kuna jipu au pango, kama ncha ya mrija imeingia ndani ya pafu lenyewe, na kama mipaka kati ya lobu imekamilika. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu mipaka isiyokamilika huruhusu hewa kupita kutoka lobu moja hadi nyingine na kufikia tundu kwa njia ya mzunguko.

Bronkoskopu yenye mfereji wa kazi wa milimita 2.8 hutosha kwa vifaa vingi. Andaa katheta (mrija mwembamba) yenye puto, maji ya chumvi, rangi ya bluu ya methilini, koleo la kunasia, na vifaa vya kuzibia vya ukubwa mbalimbali. Mrija wa kifua lazima uwe unafanya kazi, na uunganishwe na mvuto wa takribani sentimita 20 za maji wakati wa utafutaji, ili mapovu yaonekane wazi na mfululizo.

Dawa ya usingizi ijadiliwe mapema na mtaalamu wake. Mgonjwa anayepumua mwenyewe chini ya dawa ya kumtuliza na ganzi ya koo hupoteza hewa kidogo kupitia tundu. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kamili na kupumuliwa kwa mashine hutulia vizuri kwa kazi ndefu, lakini shinikizo la mashine husukuma hewa zaidi kwenye tundu, na kama tundu ni kubwa, oksijeni inaweza kushuka kwa kasi. Vyovyote itakavyoamuliwa, uvujaji uwe unaonekana kabla ya kazi kuanza. Mgonjwa ambaye mapovu yake hutokea anapokohoa tu, akilazwa usingizi mzito, hatatoa povu lolote, na timu nzima itabaki kutazama maji yaliyotulia.

Halafu mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni chupa peke yake. Asishike kitu kingine wala asitumwe nje.

Hatua ya nne: tafuta bronki inayovuja

Anza kwa kukagua njia zote za hewa na kunyonya makohozi yote, kwa sababu makohozi yakiziba bronki yenyewe yatakudanganya kuhusu pa kuvuja. Kama kuna kisiki cha upasuaji, kitazame kwa utulivu kutoka pembe zote. Tundu dogo linaweza kujificha kwenye mkunjo wa ute, na njia rahisi ya kulifichua ni kudondoshea kisiki maji kidogo ya chumvi na kungoja: mapovu madogo yatachomoza palipotoboka. Pale ambapo bado kuna shaka, bluu ya methilini iliyochanganywa na maji ya chumvi huingizwa kifuani kupitia mrija, na rangi inayojitokeza ndani ya bronki huonyesha njia. Mbinu hii husaidia zaidi kwa tundu la katikati kuliko la pembezoni.

Kwa uvujaji wa pembezoni, puto ndilo chombo. Puto huingizwa kwenye bronki kuu ya upande husika, hujazwa mpaka lishike kuta pande zote, kisha kila mtu hungoja. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Hewa iliyokwishaingia kwenye pleura inahitaji muda wa kutolewa na mvuto, kwa hiyo mapovu hayakomi papo hapo hata kama bronki sahihi imezibwa. Hupungua, huanza kutoka moja moja, kisha hukata. Lipe puto dakika moja hadi mbili kamili kwa saa, si kwa kukisia. Mwenye bronkoskopu haoni chupa, na mwenye chupa haoni bronki, hivyo mazungumzo kati yao yawe ya sauti na ya maneno machache: "Nimeziba lobu ya juu." "Yanaendelea." "Yanapungua." "Yamekata." Kisha puto lilegezwe, na mapovu yakirudi ndani ya pumzi chache, jibu limethibitika. Yasiporudi, usishangilie bado, rudia jaribio.

Kutoka bronki kuu, shuka hadi bronki za lobu moja baada ya nyingine, halafu segmenti za lobu iliyoonekana kuhusika, na ikibidi matawi ya segmenti. Lengo ni kuziba eneo dogo kabisa linalokomesha uvujaji, kwa kuwa kila kipande cha pafu kinachozibwa ni kipande ambacho mgonjwa hatakitumia kupumua. Angalia pia kiwango cha oksijeni kila puto linapojazwa, maana kinachotokea hapo ndicho kitakachotokea baada ya kuziba.

Ikiwa puto linapunguza mapovu bila kuyakomesha, kuna zaidi ya bronki moja inayolisha tundu. Ziba ile yenye mchango mkubwa, kisha rudia utafutaji kwa zilizobaki huku kizibo cha kwanza kikiwa mahali pake. Ikiwa hata kuziba bronki kuu nzima hakubadilishi chochote, sababu ziko chache: puto halijabana vizuri, uvujaji uko juu ya puto, au hatua ya pili haikufanywa sawasawa na hewa inaingia kutoka nje. Hapo kazi isimame. Kuweka kifaa kwa kubahatisha kwenye lobu inayoshukiwa ni kumpunguzia mgonjwa pafu bila kumpunguzia ugonjwa.

Hatua ya tano: chagua cha kuzibia

Wazo la kuziba kwa bronkoskopu si jipya. Ripoti za mwanzo ni za mwaka 1977, na moja kati yake ilieleza matumizi ya vipande vya madini ya risasi vya kutia uzito kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Tangu wakati huo vifaa vimekuwa vingi, jambo ambalo lenyewe ni ishara kwamba hakuna kimoja kinachofaa kwa wote.

Kwa tundu la katikati lisilozidi milimita 5, gundi ina nafasi nzuri. Gundi ya fibrini huingizwa kwa katheta yenye mifereji miwili ili viambato vyake vikutane kwenye tundu, na gundi ya sayanoakrilati huganda mara tu inapogusa unyevu. Hii ya pili inataka nidhamu: ncha ya katheta itokeze mbele ya bronkoskopu kwa umbali wa kutosha, mtu yeyote asinyonye wakati wa kuidondosha, na katheta na bronkoskopu vitolewe pamoja bila kuivuta katheta kupitia mfereji, la sivyo bronkoskopu yenyewe itagandishwa na kuharibika. Tundu la milimita chache tu linaweza pia kuchochewa kupona kwa kuunguza kingo zake kwa nitrati ya fedha, leza au argoni. Marudio ni ya kawaida kwa njia hizi, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema.

Tundu linalozidi milimita 8 halishiki gundi, na ninaona ni bora kulisema hilo waziwazi kuliko kujaribu mara nyingi. Mgonjwa anayeweza kuhimili upasuaji apelekwe kwa mpasuaji, ambaye atakifunga kisiki na kukifunika kwa msuli wenye damu ya kutosha. Asiyeweza kuhimili anaweza kuwekewa stenti iliyofunikwa, yaani mrija mfupi unaokaa ndani ya njia ya hewa, au kizibo cha waya zilizosukwa cha aina ileile inayotumika kuziba matundu ya moyo. Lakini vifaa hivi mara nyingi ni daraja la kumvusha hadi apate nguvu, na vyote vinaweza kuhama.

Kwa uvujaji wa pembezoni, vali ya njia moja ndiyo inayotumika zaidi. Vali huruhusu hewa na makohozi kutoka, na huzuia hewa kuingia. Sehemu ya pafu iliyo mbele yake husinyaa, tundu hukosa hewa ya kupitisha, na kingo zake hupata nafasi ya kushikana. Nchini Marekani, vali ya umbo la mwavuli iliruhusiwa mwaka 2008 kwa kibali cha kibinadamu (ruhusa maalumu kwa vifaa vya hali zinazowapata watu wachache) kwa wagonjwa wenye uvujaji wa muda mrefu baada ya upasuaji wa pafu. Katika ripoti ya mwaka 2009 ya wagonjwa 40 waliowekewa vali za aina nyingine, uvujaji ulikoma kabisa kwa wagonjwa 19 na kupungua kwa wengine 18, wastani ukiwa karibu vali tatu kwa kila mgonjwa. Takwimu hizo zinatia moyo, ila hazikulinganishwa na kundi lisilowekewa vali, na wapo ambao tundu lao lingejifunga kwa kungojewa tu.

Kipenyo cha bronki hupimwa kwanza kwa puto lililowekewa vipimo. Vali ndogo mno itakoholewa, na kubwa mno itajikunja na kuacha mwanya. Baada ya kuiachia, kaa nayo kwa pumzi kadhaa: wakati wa kutoa pumzi midomo yake hufunguka na povu la makohozi huchomoza kati yake, na wakati wa kuvuta pumzi hufunga kabisa. Ukiona hewa ikipita pembeni mwa ukingo wa vali, itoe na uweke nyingine.

Pasipo na vali, vipo vizibo vya silikoni vilivyobuniwa Japani, vyenye vinundu vinavyovisaidia kung'ang'ania ukuta na kunaswa kwa koleo wakati wa kuvitoa. Koili za chuma na damu ya mgonjwa mwenyewe hutumika pia. Tofauti na vali, vizibo kamili haviachi makohozi yatoke, hivyo homa baada ya kuviweka ichukuliwe kwa uzito zaidi.

Hatua ya sita: uangalizi baada ya kuziba

Mrija wa kifua haung'olewi siku hiyohiyo, hata kama chupa imetulia. Lobu iliyozibwa inaposinyaa, sehemu nyingine za pafu huvutwa na zinaweza kupasuka, na mrija ndio kinga ya mgonjwa. Mvuto upunguzwe hadi chupa ya maji peke yake, eksirei ipigwe, na mapovu yaandikwe kila zamu kwa vigezo vilevile vya hatua ya pili. Mapovu yasipoonekana kwa saa 24 na pafu likabaki limetanuka, mrija unaweza kutolewa. Kama uvujaji umepungua bila kukoma, mgonjwa aliye imara anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani na mrija uliounganishwa na vali ndogo ya nje.

Mambo ya kufuatilia ni homa na makohozi yenye harufu, yanayoashiria nimonia nyuma ya kizibo, oksijeni inayoshuka, damu kwenye makohozi, na kikohozi kikali cha ghafla, ambacho huenda ni kifaa kinachohama. Mapovu yanayorudi ghafla baada ya kukoma yanadai eksirei siku hiyohiyo, ili kuona kama kifaa kipo pale kilipowekwa, na bronkoskopia irudiwe ikiwa hakipo.

Vali zilizowekwa kwa ajili ya uvujaji hutolewa kwa kawaida baada ya wiki 6. Tarehe ya kuzitoa, idadi yake na bronki kila moja ilipo viandikwe kwenye barua ya kumruhusu mgonjwa, na nakala abaki nayo mwenyewe, kwa sababu daktari atakayemtoa vali huenda asiwe yule aliyemwekea. Siku ya kuzitoa, kila vali hunaswa kwa koleo na kutolewa pamoja na bronkoskopu, bronki husafishwa, na mgonjwa huangaliwa kwa eksirei kabla ya kuondoka, huku seti ya mrija wa kifua ikiwa tayari chumbani.